Tatizo Lenu Hamfi

MJOMBA: Haloo! Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

MPWA: Mjomba, ni mimi. Shikamoo.

MJOMBA: Mimi nani? Wapwa ninao tisa, na wote wakikwama hupiga kwa namba za watu.

MPWA: Wa kiwandani, mjomba. Wa kujalidi vitabu.

MJOMBA: Aaa! Marahaba, marahaba mama! Mbona sauti yako kama umetumbukia kwenye pipa?

MPWA: Niko ngazini, nyuma ya stoo ya karatasi. Simu yangu imezima, nimeazima ya mwenzangu. Na mtandao wa huku unakuja na ku—

MJOMBA: Na ku nini?

MPWA: —na kuondoka! Mkazamjomba hajambo?

MJOMBA: Hajambo kabisa. Katoka kutia dawa ya macho sasa hivi, kwa hiyo kwa robo saa haoni kitu. Ndio nafasi yangu ya kula sukari.

MPWA: Mjomba!

MJOMBA: Kijiko kimoja tu. Haya, umekwama wapi?

MPWA: Sijakwama. Nimepiga kukusalimia.

MJOMBA: Saa sita mchana? Kwa salio la mtu?

MPWA: Kwani kuna saa maalumu ya kusalimia?

MJOMBA: Wewe hunisalimia Jumapili, jioni, umeshika kikombe. Leo Alhamisi.

MPWA: (anacheka) Haya basi. Nilitaka kujua... mkutano wenu ni leo, sivyo?

MJOMBA: Saa nane kamili, ukumbi wa kantini ya zamani. Wastaafu wote wa kiwanda. Nimevaa suti niliyostaafia.

MPWA: Ile bado inakuingia?

MJOMBA: Suruali inanitosha nikisimama. Nikikaa tunaanza kugombana.

MPWA: Basi usikae.

MJOMBA: Sikai! Mimi leo nakwenda kusimama na kusema. Hotuba nimeiandika kurasa nne. Wametuletea pendekezo la kutupunguzia pensheni. Kila mstaafu, moja ya kumi. Hivi hivi, kama mtu anayepunguza chumvi!

MPWA: Nimesikia.

MJOMBA: Pensheni ile niliipigania mimi, unajua? Mimi na rafiki yangu Wino. Siku kumi na moja mashine kubwa ya uchapaji ilikuwa kimya, halikutoka hata gazeti moja. Mkurugenzi mwenyewe alishuka chini na soksi tu, kwa haraka aliyokuwa nayo, akaja kutuomba.

MPWA: Ulinisimulia.

MJOMBA: Kwa hiyo leo Wino anaanza kusema, mimi namalizia. Neno letu ni moja tu: "Haiguswi!" Tumelifanyia mazoezi.

MPWA: Eeh.

MJOMBA: Hiyo "eeh" yako imelala. Vipi?

MPWA: Mjomba, yule mtaalamu wa hesabu alikuja kwetu juzi. Wa mfuko wa pensheni.

MJOMBA: Kijana mwenye miwani? Hata kwetu alikuja. Anaongea kama daktari anayeogopa kukupa majibu.

MPWA: Huyo huyo. Katuonyesha picha ubaoni. Wakati mnaanzisha mfuko, wafanyakazi walikuwa mia nane na wastaafu tisini.

MJOMBA: Kweli kabisa. Tulikuwa tunajaza ghorofa tatu.

MPWA: Sasa tuko mia mbili na kumi. Nyinyi mko mia tano na sitini.

MJOMBA: Mashine mpya hizo. Moja inafanya kazi ya watu kumi na haichangii hata senti.

MPWA: Na kuna jambo jingine. Amesema... usikasirike.

MJOMBA: Sema, sikasiriki.

MPWA: Amesema tatizo lenu hamfi.

MJOMBA: (mlio wa kijiko kuanguka)

MPWA: Haloo? Mjomba?

MJOMBA: Nipo! Kumbe ndilo tatizo? Sasa tukuombeni radhi?

MPWA: (anacheka) Si maneno yake hasa! Alisema, "Wanachama wanaishi muda mrefu kuliko makadirio." Sisi ndio tukatafsiri.

MJOMBA: Mmetafsiri vizuri. Mwambie kijana huyo kwamba Wino alijaribu mwaka juzi, akalazwa wiki tatu, akarudi mnene.

MPWA: Wewe mwenyewe ulifanya kazi miaka mingapi?

MJOMBA: Ishirini na saba. Bila kuchelewa hata siku moja, isipokuwa ile ya harusi yangu.

MPWA: Na umestaafu miaka mingapi?

MJOMBA: Nilitoka na hamsini na tano, sasa sabini na nane... ishirini na tatu.

MPWA: Bado minne, utakuwa umestaafu sawa na ulivyofanya kazi.

MJOMBA: Na nitaipita! Lakini sikiliza wewe, hiyo si hela ya mtu. Hiyo ni hela yangu. Kila mwezi walikata kwangu, miaka ishirini na saba, nikaiweka pale. Sasa naichukua kidogo kidogo. Kosa liko wapi?

MPWA: Mjomba...

MJOMBA: Hapana, niambie kosa liko wapi.

MPWA: Ya kwako iliisha.

MJOMBA: Unasema? Unakatika-katika.

MPWA: Nasema hela yako uliyochanga wewe, pamoja na faida yake, iliisha. Yule mtaalamu alitupigia hesabu ya mtu wa cheo chako. Inamtosha miaka tisa baada ya kustaafu.

MJOMBA: Tisa.

MPWA: Tisa.

MJOMBA: Na hii miaka kumi na minne mingine nimekuwa nakula ya nani?

(Mlio wa mtandao.)

MJOMBA: Haloo? Umekatika?

MPWA: Sijakatika.

MJOMBA: Nimeuliza, ya nani?

MPWA: Ya waliopo kazini. Inakatwa kwetu tarehe ishirini na tano, inafika kwenu tarehe moja.

MJOMBA: Kwa hiyo na wewe.

MPWA: Mimi ni miaka sita tu hii ya mwisho.

MJOMBA: Haya. Na ya kwenu iko wapi?

MPWA: Ya kwetu ndio hiyo hiyo mnayokula. Mkiendelea hivi hivi mfuko unakauka baada ya miaka saba.

MJOMBA: Mimi baada ya miaka saba nitakuwa na themanini na mitano.

MPWA: Na mimi thelathini na sita. Na umri wa kustaafu wameshatusogezea hadi sitini. Na mchango wameupandisha mara mbili ndani ya miaka mitatu. Silalamiki lakini.

MJOMBA: Hulalamiki.

MPWA: Nakupa habari tu.

MJOMBA: Kwa salio la mtu, ngazini.

MPWA: (anacheka kidogo) Ndiyo. Sasa, mkikataa leo, kuna watu wana mawazo yao.

MJOMBA: Watu gani?

MPWA: Watu tu.

MJOMBA: Mawazo gani?

MPWA: Mawazo, mjomba. Watu huwa na mawazo.

MJOMBA: Hayo mawazo ni ya njano?

MPWA: Nini?

MJOMBA: Nauliza rangi. Fomu ya kujitoa kwenye mfuko ni ya njano. Nakumbuka vizuri, niliichapa kwa mikono yangu. Mtu akiijaza anachukua alichochanga, anaaga. Vitabu vya fomu hamsini hamsini. Tulichapa vitabu vinne tu, tukacheka, tukasema nani mjinga atajitoa.

MPWA: Vinne tu?

MJOMBA: Kitabu cha kwanza bado kipo pale ofisi ya utumishi?

MPWA: Sijui mambo ya ofisini mimi.

MJOMBA: Mama.

MPWA: Wamefungua cha pili. Jumatatu.

MJOMBA: Yaani hamsini za kwanza zimekwisha.

MPWA: Mjomba, mimi sikukwambia kitu. Tuliahidiana tusiseme kwa wazee. Na wewe usiseme ume—

MJOMBA: Hukuniambia kitu. Tumezungumza habari za rangi.

MPWA: Ahsante.

MJOMBA: Na wewe je, rangi ya njano unai— haloo?

MPWA: —husikii? Mwenzangu anataka simu, kengele imeli—

MJOMBA: Haloo? Haloo!

(Simu inakatika.)

*

MPWA: Haloo, mjomba? Umeshatoka?

MJOMBA: Saa kumi na moja hii, nisitoke nilale kantini? Kwani simu yako imepata moto?

MPWA: Nimeichaji kazini. Niko njiani narudi nyumbani. Uko wapi? Nasikia upepo.

MJOMBA: Natembea.

MPWA: Unatembea? Si huwa mnarudi na Wino kwenye gari la mwanawe?

MJOMBA: Leo gari lilikuwa limejaa.

MPWA: Gari la watu watano, na nyinyi huwa watatu.

MJOMBA: Lilijaa, mama. Lilijaa hasira. Wacha nitafute kivuli nisimame, maana suruali hii hata kutembea haitaki.

MPWA: Niambie basi. Ilikuwaje?

MJOMBA: Tulikuwa watu mia mbili na sabini na tano. Kantini haijawahi kuona fimbo nyingi vile. Mwenyekiti kasoma pendekezo, watu wakaguna. Wino akasimama. Unamjua anavyosimama, kama anafungua mwavuli. Akapaza sauti: "Haiguswi!" Ukumbi mzima, "Haiguswi!" Vikombe vikatetemeka.

MPWA: Na wewe ukasimama ukamalizia.

MJOMBA: Nikasimama. Nikatoa kurasa zangu nne mfukoni. Nikaziangalia. Nikazirudisha.

MPWA: Kwa nini?

MJOMBA: Mwandiko wangu mbaya.

MPWA: Mjomba, acha utani.

MJOMBA: Nilisimama tu kwanza. Pale mstari wa mbele alikuwa amekaa mke wa marehemu yule mlinzi wetu wa getini. Unamkumbuka?

MPWA: Mama mwenye mkoba wa bluu?

MJOMBA: Huyo. Pensheni ya mjane anayopata ni kidogo, hata ukiikata moja ya kumi utaona haya kuiokota. Na nyuma yake kakaa mhasibu mkuu wa zamani, anapokea mara kumi na mbili yake. Na pendekezo linasema wote wakatwe sawa. Nikawaza, huyu akikatwa anaacha kula usiku. Yule akikatwa anabadilisha sabuni.

MPWA: (anacheka) Eeh, na wewe?

MJOMBA: Mimi nilistaafu msimamizi wa mashine kubwa. Niko upande wa sabuni.

MPWA: Ukasemaje?

MJOMBA: Nikasema, "Jamani, wajane na wenye pensheni ndogo wasiguswe hata senti. Sisi tuliostaafu na vyeo, kuanzia wasimamizi kwenda juu, tukatwe moja ya tano."

MPWA: Moja ya tano! Mjomba, wao walitaka moja ya kumi!

MJOMBA: Kwani hesabu sijui? Mtaalamu wako alikuwepo kwenye kona, miwani ikamshuka hadi puani. Halafu kelele. Mhasibu mkuu akauliza nimepewa nini na uongozi. Wino akasema mimi nimekuwa kibaraka wa vijana.

MPWA: Wino alisema hivyo?

MJOMBA: Kwa kipaza sauti.

MPWA: Pole, mjomba.

MJOMBA: Haa, Wino nimekaa naye miaka arobaini. Atanuna wiki mbili, halafu atataka mtu wa kucheza naye karata. Au wiki tatu.

MPWA: Uliwaambia ile habari ya... rangi?

MJOMBA: Sikuitamka. Niliwauliza swali moja tu: nani humu anamjua kwa jina mtu anayemlipa pensheni? Wakasema mfuko. Nikasema mfuko ni mfuko, hela inatiwa na mtu. Wa kwangu namjua. Yuko ghorofa ya pili, chumba cha kujalidi, vidole vyake vina gundi. Nimekuwa nikimpa nauli akija kunitembelea, nikijiona mjomba mkarimu, kumbe namrudishia chenji.

MPWA: (anakohoa)

MJOMBA: Haloo? Upo?

MPWA: Nipo. Vumbi la barabarani hili.

MJOMBA: Nikawaambia sijawahi kumshukuru. Na ni kweli. Kwa hiyo, ahsante mama.

MPWA: Mjomba bwana, usinifanye nilie mbele ya watu, hapa kuna muuza viatu ananiangalia.

MJOMBA: Mwambie akupunguzie bei.

MPWA: (anacheka, anavuta kamasi) Na kura?

MJOMBA: Kura ilihesabiwa mara tatu. Mara ya kwanza tulipata kura mia tatu na kumi.

MPWA: Si mlikuwa mia mbili na sabini na tano?

MJOMBA: Upande wa Wino wengine walinyoosha mikono miwili! Mwenyekiti akaamuru kila mtu ashike fimbo kwa mkono mmoja, na asiye na fimbo amshike jirani. Tukahesabiwa upya kama wanafunzi. Mia moja arobaini na watatu wamekubali pendekezo langu. Mia moja thelathini na wawili wamekataa.

MPWA: Imepita?

MJOMBA: Imepita. Kwa kura kumi na moja.

MPWA: Mjomba! Imepita!

MJOMBA: Usipige kelele, sikio langu ni hili hili moja zima. Mtaalamu akapiga hesabu palepale kwenye kisimu chake. Ile miaka saba imekuwa ishirini na minne.

MPWA: Ishirini na minne. Mimi nastaafu baada ya thelathini na mmoja.

MJOMBA: Najua. Bado haifiki. Hiyo saba iliyobaki sikuipata, mama. Nimetafuta kila mahali.

MPWA: Hiyo tutaigombania wenyewe. Tuna muda.

MJOMBA: Mgombanie mapema. Sisi tulijisahau, tukadhani mia nane watakuwa mia nane milele.

MPWA: Mjomba, kuhusu ile njano.

MJOMBA: Sikukuuliza.

MPWA: Ulitaka kuuliza, mtandao ukakata.

MJOMBA: Basi mtandao una adabu kuliko mimi. Ni hela yako. Ukiitaka, uichukue, sitasema kitu. Kujisimamia si dhambi.

MPWA: Nilikuwa nimeshaipeleka. Jana. Nilipokupigia mchana ilikuwa tayari iko mezani kwao, na sahihi yangu.

MJOMBA: Ehe.

MPWA: Nimekwenda kuichukua.

MJOMBA: Baada ya kusikia kura?

MPWA: Kura nimeisikia kwako sasa hivi. Niliichukua saa nane na nusu.

MJOMBA: Saa nane na nusu hata Wino alikuwa hajamaliza kupiga kelele.

MPWA: Ndiyo.

MJOMBA: Sasa ulijuaje kwamba—

MPWA: Sikujua.

MJOMBA: Kwa nini basi?

MPWA: Basi tu.

(Honi kwa mbali.)

MJOMBA: Na wenzako?

MPWA: Wakisikia, wengi watarudi. Si wote. Wawili wa kwenye mashine ya kukatia karatasi wameshaamua, wanataka hela yao wanunue pikipiki.

MJOMBA: Waambie wavae kofia. Haya, mimi ndio nafika. Naona taa ya jikoni inawaka.

MPWA: Mjomba, hiyo moja ya tano ni kiasi gani kwenu nyumbani? Kwa kweli.

MJOMBA: Ni dawa ya macho ya mkazamjomba wako na nusu ya umeme.

MPWA: Basi dawa nitanunua mimi.

MJOMBA: Weeh! Ukinunua wewe utakuwa unanilipa mara mbili. Kuna jamaa ana kiduka cha kuchapa kadi za harusi, kanunua mashine kuukuu, hajui hata pa kutia mafuta. Kanibembeleza tangu mwezi jana. Siku mbili kwa wiki, nikae kwenye stuli nimwelekeze. Mikono yangu yenyewe inawasha kwa hamu.

MPWA: Una miaka sabini na nane.

MJOMBA: Na mashine ina sitini. Tutaelewana.

MPWA: Mkazamjomba anasemaje?

MJOMBA: Kuhusu nini?

MPWA: Kuhusu moja ya tano. Kuhusu kiduka. Kuhusu yote.

MJOMBA: Mchana nilimuaga nikamwambia haiguswi.

MPWA: Hujamwambia!

MJOMBA: Ningemwambia lini? Nimetoka mkutanoni, nimetembea, nimesimama kivulini, nimeongea na wewe.

MPWA: Kumbe ndio maana unatembea polepole.

MJOMBA: Suruali.

MPWA: Mjomba.

MJOMBA: Yule mama tumeoana miaka arobaini na sita, mkurugenzi hakunitisha, mhasibu mkuu hakunitisha. Lakini nikimwona amekaa na ile chupa ya dawa anahesabu matone... Njoo Jumapili, eeh? Uje tumwambie pamoja.

MPWA: Jumapili mbali. Atasikia kesho kwa mke wa Wino.

MJOMBA: Eh! Kweli. Yule hata kesho haingoji.

MPWA: Ingia umwambie sasa.

MJOMBA: Nimeshafika mlangoni. Navua viatu. Nianzeje?

MPWA: Mwambie kama ulivyowaambia kantini. Habari ya yule mama wa mkoba wa blu—

MJOMBA: Haloo?

MPWA: —salio langu linaisha, mjomba, nitakupigia ke—

MJOMBA: Haloo? Nianze na yule mama, au nianze na mashine? Haloo?

(Mlio wa simu iliyokatika.)

MJOMBA: Mke wangu... Nimerudi. Hapana, nimekuja kwa miguu. Zima jiko kidogo, uje ukae hapa karibu yangu. Hapana, sijaanguka. Njoo tu, nina neno.